Metroidvania si jina la ugumu

Tangu gemu ya Hollow Knight: Silksong itoke tarehe 4 Septemba 2025, na maduka ya mtandaoni yakaelemewa na wanunuzi siku hiyo hiyo, neno metroidvania limeenea kwa wachezaji ambao zamani hawakulijua. Ni jambo la kufurahisha kwa sisi tunaozipenda gemu hizi. Bahati mbaya neno limeenea likiwa limebebeshwa maana isiyo yake. Gemu yoyote inayotazamwa kwa ubavu, yenye kuruka-ruka na bosi (adui mkubwa) anayekurudisha mwanzo kila mara, siku hizi inaitwa metroidvania. Celeste inaitwa hivyo. Cuphead pia. Nimekuta hadi Super Meat Boy ikiwekwa kwenye orodha ya metroidvania ngumu kuliko zote, na hapo nikaona heri niandike.

Maana yake kwa ufupi: metroidvania ni gemu ya vitendo yenye dunia moja iliyoungana, ambayo mchezaji huifungua kidogo kidogo kwa kupata uwezo mpya, kama vile kuruka mara mbili, kupanda ukuta au kujikunja upenye kwenye tundu. Pale uliposhindwa kupita mwanzo, unapita baadaye, kwa sababu wewe umebadilika na dunia imebaki vile vile. Katika maana hiyo hakuna neno "ngumu" popote.

Historia ya jina lenyewe inatosha kumaliza ubishi. Metroid ya Nintendo ilitoka Japani mwaka 1986. Unaanza na Samus Aran kwenye sayari ya Zebes, na kama ulizoea gemu za wakati ule utaelekea kulia, maana kulia ndiko gemu zote zilikokwenda. Muda si mrefu unafika kwenye upenyo mwembamba ulio chini kabisa, na Samus hawezi hata kutambaa. Kumbe pale ulipoanzia, ungekwenda kushoto, ungekuta kifaa kinachomwezesha kujiviringa kuwa mpira. Unarudi, unakichukua, unapita. Ndani ya dakika chache za kwanza gemu imekufundisha kila kitu kuhusu aina hii: kuna njia unayoiona na huiwezi, kuna uwezo uliofichwa kwingine, na kurudi ulikotoka ni sehemu ya safari.

Castlevania nayo ilitoka mwaka huo huo, kutoka Konami, na watu husahau ilivyokuwa. Ilikuwa na hatua 18 zinazofuatana, unamaliza moja unaingia nyingine. Shujaa wake, Simon Belmont, akiruka, huwezi kumgeuza hewani. Adui akimgusa, anarushwa nyuma, na mara nyingi nyuma yake kuna shimo. Ilikuwa gemu ngumu kwelikweli, na bado hakuna anayeihesabu kuwa metroidvania. Lakini kama ugumu ndio ungekuwa kipimo, ile ndiyo ingekuwa ya kwanza kuhesabiwa.

Nusu ya pili ya jina ilitokana na gemu nyingine ya mfululizo ule, Symphony of the Night ya mwaka 1997 kwenye PlayStation. Hatua za kufuatana ziliondolewa, likaja kasri moja kubwa la Dracula ambalo shujaa Alucard hulizunguka atakavyo, akijifunza kugeuka popo aruke, mbwa mwitu akimbie, na ukungu apenye kwenye vyuma vya dirishani. Ramani ikawa inajichora yenyewe, kama Super Metroid ya mwaka 1994 ilivyofanya. Na tazama kilichotokea kwenye ugumu: ulipungua. Alucard hupanda viwango kwa kuua maadui, kwa hiyo mchezaji ambaye vidole vyake havina kasi anaweza kuzunguka, kujikusanyia nguvu na silaha, kisha akamrudia bosi aliyemshinda. Castlevania ilipoingia kwenye ukoo huu, iliingia kwa kulegeza masharti.

Jina halikutungwa na Nintendo wala Konami. Lilitoka kwa waandishi wa habari za gemu na mashabiki wa Marekani, na anayetajwa zaidi kwa kulisambaza ni Jeremy Parish, ambaye mwenyewe humtaja mwenzake Scott Sharkey kuwa ndiye aliyelitumia kabla yake. Mwanzoni lilikuwa neno la kuzibagua zile Castlevania zilizofanana na Metroid na zile za hatua za zamani. Yaani lilizaliwa kwa ajili ya kutofautisha gemu za mfululizo mmoja kwa umbo la dunia yake. Koji Igarashi, mmoja wa waliounda Symphony of the Night, amesema kwamba wao walikuwa wakiitazama The Legend of Zelda zaidi kuliko Metroid. Jambo hilo huwashangaza wengi, ila kwangu linaeleweka vizuri: Zelda nayo ni dunia inayofunguka kwa vifaa unavyookota.

Hapa ndipo kwenye tofauti ninayoomba watu wavumilie niieleze kwa urefu, kwa sababu hata wanaokubali kwamba ugumu si kipimo huikosa. Wengi husema metroidvania ni gemu ya kutafuta funguo na kufungua milango. Sivyo. Ufunguo hufungua mlango wake mmoja, kazi yake ikaisha, nao haukai na wewe. Uwezo hubadilisha kila kitu kinachofanana nacho duniani, pamoja na mahali ulikopita zamani na mahali usipopafikia bado. Aliyejifunza kuogelea hapewi ruhusa ya mto mmoja. Mito yote aliyokuwa akiihesabu kuwa mipaka imekuwa njia kwa siku moja.

Chukua Hollow Knight ya mwaka 2017, iliyoitangulia Silksong, iliyotengenezwa na timu ndogo ya Team Cherry ya Australia. Ukifika kijiji cha vivunjajungu unapata uwezo wa kushika ukuta na kupanda. Hakuna mlango unaofunguka. Hakuna alama inayowaka kwenye ramani. Lakini kila shimo refu ulilowahi kulitazama ukiwa chini, kila kibaraza ulichokiona juu ukakiacha, sasa ni mahali pa kwenda, na ni wewe unayepaswa kuvikumbuka. Si hivyo tu. Kushika ukuta kunabadilisha hata mapigano, kwa sababu bosi akikubana pembeni sasa una pa kukimbilia. Uwezo mmoja umegusa ramani, mwendo na vita kwa pamoja. Ufunguo hauwezi hayo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye Ori and the Blind Forest ya mwaka 2015. Kuna uwezo unaomruhusu Ori kulishika kombora la adui likiwa hewani, kulielekeza upande mmoja, na yeye mwenyewe akarushwa upande wa pili. Kabla ya hapo, adui anayetema moto ni wa kukwepwa. Baada ya hapo, unamtafuta, maana moto wake ndio ngazi yako ya kufikia juu. Msanifu hakuongeza kitu pale msituni. Adui ni yule yule na mahali ni pale pale, ila wewe unapaona kwa jicho jingine. Gemu inayokupa hilo ndiyo inayostahili jina hili, iwe ngumu au rahisi.

Nikiri mpaka si mstari ulionyooka. Symphony of the Night yenyewe ina kito unachonunua kwa mkutubi wa kasri, na kazi yake ni kufungua milango ya buluu tu. Huo ni ufunguo mtupu. Super Metroid ina milango ya rangi inayotaka kombora la aina fulani, ingawa kombora hilo ni silaha pia. Gemu hizi hazijawahi kuwa na usafi wa asilimia mia, na sidai iwe hivyo. Ninachodai ni kwamba uzito wake uwe kwenye uwezo. Dark Souls ya mwaka 2011, kwa mfano, ina dunia iliyofumwa kwa ustadi mkubwa, njia ya mkato inafunguka ukajikuta umetokea pale ulipoanzia. Lakini kinachokupitisha ni funguo, wenzo, na mabosi waliokufa. Mwili wako unatembea mwishoni kama ulivyotembea mwanzoni. Ni jirani wa karibu sana wa metroidvania, ila bado ni jirani.

Dead Cells ya mwaka 2018 ina uwezo kadhaa wa kudumu unaofungua njia mpya, nayo waliiuza kama mchanganyiko wa aina mbili, metroidvania na zile gemu za kuanza upya kila ukifa. Tatizo langu ni kwamba kila ukifa, dunia inapangwa upya. Hakuna pa kukumbuka. Ukuta uliouona jana haupo leo, na bila ukuta ule ule kukusubiri, raha ya kurudi inapotea. Ni gemu nzuri sana, lakini kumbukumbu haina kazi kubwa ndani yake.

Kutazamwa kwa ubavu nako si sharti. Metroid Prime ya mwaka 2002 unaicheza ukitazama kupitia kofia ya Samus, na ni ya ukoo huu bila shaka yoyote. Hata kupigana kunaweza kupungua sana. Animal Well ya mwaka 2024 haina upanga wala bunduki. Vifaa vyake ni vitu kama kifaa cha kupuliza mapovu, ambacho kwanza unadhani ni mchezo wa mtoto, kisha unagundua unaweza kukanyaga povu ukaruka tena. Pale hakuna vita vya kumtoa mtu jasho, na bado wapenzi wa aina hii huiweka juu kabisa.

Ugumu basi ulijishikizaje? Nadhani kwa kupitia Hollow Knight. Ile gemu ilikopa mambo kutoka Dark Souls: ukifa unaacha pesa zako pale ulipofia, inabidi urudi kuzifuata, na unapumzika mahali maalumu ambapo maadui hurejea. Ilipopendwa, waliokuja nyuma wakaiga vyote kwa mkupuo, na mchezaji mpya akaviona kama kitu kimoja. Silksong ikaongeza moto, maana unaanza na vinyago vitano vya uhai huku mabosi wa mapema wakikutoa viwili kwa pigo moja. Mabishano yakawa makubwa kiasi kwamba watengenezaji walilegeza kidogo mabosi wawili wa mwanzo. Mtu aliyeifahamu aina hii kupitia mabishano yale hana kosa kufikiri kwamba maumivu ndiyo maana ya neno.

Inaniuma kwa sababu kosa hili linaharibu ushauri. Mtu amekwama Hollow Knight kwa bosi fulani, anauliza afanye nini, anajibiwa aongeze bidii, arudie mpaka aweze. Jibu hilo ni sahihi kwa Celeste: pale umepewa chumba kimoja, kuruka kwako na kuchomoka kwako kwa kasi vinatosha kukivuka, na ukifa unarudi mwanzo wa chumba kile kile papo hapo. Hakuna kwingine pa kwenda, na gemu imepangwa hivyo kwa makusudi. Kwenye metroidvania swali la kwanza ni tofauti: je, hapa nimeshindwa na ujuzi wangu, au nimefika kabla ya wakati? Mara nyingi jibu zuri ni kumgeuzia bosi kisogo. Nenda upande mwingine wa ramani, tafuta kipande cha kinyago, mpelekee fundi msumari wako (ndio upanga wa gemu ile) aunoe, pata uwezo wa kuchomoka, kisha urudi. Anayefanya hivyo haogopi wala hadanganyi. Anaicheza gemu kama ilivyotengenezwa.

Na ujuzi mkuu wa aina hii hauko kwenye vidole. Uko kwenye kukumbuka. Ndiyo maana Hollow Knight inakuuzia pini za kubandika kwenye ramani, na ndiyo maana Prince of Persia: The Lost Crown ya mwaka 2024 ilileta jambo dogo lililostahili kuigwa na kila mtu: unapiga picha ya mahali palipokushinda, inabaki kwenye ramani pale pale, na ukipata uwezo mpya unaangalia picha zako kujua pa kurudi. Wanaolalamika kwamba metroidvania ni kurudi nyuma tu, nadhani wengi wao hawakuwa wakiweka alama. Kurudi bila kujua unachokifuata kunachosha kweli.

Kwa hiyo kama umekuwa ukiiita Celeste metroidvania, iite platfoma ngumu, yaani gemu ya kuruka-ruka. Ni jina la heshima na inalistahili. Cuphead ni gemu ya mabosi. Na kama rafiki amekwambia hawezi kugusa metroidvania kwa kuwa hana subira ya kufa hovyo, usimwanzishie Silksong. Mpe Super Metroid, au The Lost Crown ambayo ina mipangilio ya kupunguza makali na ya kuonyesha njia kwenye ramani, au Tales of Kenzera: Zau ya Abubakar Salim, ambayo hadithi yake imechota kwenye simulizi za Kibantu na ambayo dunia yake haimpotezi mgeni. Mwambie tu aweke alama kila anapokuta njia asiyoiweza.