Kwa nini nyama isiyochinjwa inatutia shaka?

Jumamosi moja kwenye mnada wa Msalato, nje kidogo ya Dodoma mjini, nilimsimulia mzee mmoja mchoma nyama kwamba Singapore wameruhusu kuuzwa nyama ya kuku iliyokuzwa kutokana na seli tangu Desemba 2020, bila kuku kuchinjwa. Alikuwa anageuza vipande vya mbuzi kwenye vijiti vilivyochomekwa kuzunguka moto. Hakuuliza ladha wala bei. Aliuliza, "Sasa mwanangu, hiyo amechinja nani?"

Swali hilo limenikaa kichwani, kwa sababu ndani yake mna jibu la jambo linalowasumbua watafiti: kwa nini watu wengi huikataa nyama hii kabla hawajaionja?

Inatengenezwa hivi. Kipande kidogo cha msuli hutolewa kwa ng'ombe aliye hai. Seli zake huwekwa kwenye maji yenye sukari, chumvi, vitamini na amino asidi, ndani ya tangi lenye joto linalokaribia la mwili wa mnyama. Zinagawanyika, zinaongezeka, kisha zinaungana kuwa nyuzi za msuli. Baga ya kwanza ya namna hii ilionyeshwa London Agosti 2013 na Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi. Iligharimu takriban euro 250,000. Nyuzi zilitoka zimepauka, ikabidi zitiwe juisi ya bitiruti na zafarani zipate rangi.

Kwa hiyo ni nyama kweli, seli ni za ng'ombe. Lakini binadamu hatupimi asili ya chakula kwa kilichomo tu. Mwaka 2005 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Rozin, alionyesha kwamba ukiwaambia watu maji ya chemchemi yameondolewa madini kisha yakarudishiwa madini yaleyale, wanayaona yamepoteza uasili wake, ingawa kilichomo hakijabadilika. Kinachotazamwa zaidi ni njia ambayo kitu kimepitia.

Sisi tunalijua hilo kwa kuku. Wa kisasa hufika sokoni kwa wiki 5 au 6, wa kienyeji huchukua miezi. Anayelipa zaidi kwa wa kienyeji atakwambia supu yake ni tamu, halafu ataongeza, "huyu amejitafutia mwenyewe." Amelipia na maisha ya yule kuku. Nyama ya kwenye tangi haikuchungwa, haikunywa bwawani, haikuswagwa hadi mnadani. Na haina mchinjaji, ambaye kwetu ndiye shahidi: kisu chake na muhuri wa mkaguzi ndivyo vinavyowafanya Mwislamu na Mkristo wanunue bucha moja.

Swali la mzee limefika hata kwa wanazuoni. Februari 2024 Baraza la Kiislamu la Singapore lilitoa fatwa kwamba nyama ya seli inaweza kuliwa iwapo seli zimetoka kwa mnyama halali na hakuna kilicho haramu ndani yake. Sharti hilo si dogo, maana kwa miaka mingi seli hizi zilikuzwa kwa kutumia majimaji ya damu ya ndama aliye tumboni. Kampuni zimekuwa zikitafuta njia ya kuyaacha. Ndiyo maana siwezi kuiita shaka ya watu ujinga. Italia nayo iliipiga nyama hii marufuku mwishoni mwa 2023.

Hata hivyo kipimo chetu cha asili huyumba, na kinachonionyesha hivyo ni zabibu zetu. Mzabibu wa Hombolo au Makutupora haupandwi kwa mbegu. Mkulima hukata pingili, huiotesha, ikawa mche, miche ikawa shamba. Kila mzabibu wa aina moja ni kipande cha mzabibu uliotangulia, na sijasikia mtu akiziita zabibu za bandia.

Nilimpa mzee mfano huo. Alinyamaza, akachomoa kijiti, akakata kipande na kukiweka kwenye sinia na chumvi pembeni. "Pingili nimeziona zikikatwa," alisema. "Hilo tangi sijaliona." Kisha akauliza, kwa dhati kabisa, kama wenye matangi hayo wanamruhusu mtu kuingia akaangalia.