Nyama inayong'aa buchani: maswali na majibu kuhusu salfaiti

Nyama ikiwa nyekundu sana, si ndiyo ya leo?
Si lazima. Nyama ikikaa hugeuka kahawia polepole, na hilo ni la kawaida. Ya kutilia shaka ni ile iliyolala kabatini siku tatu na bado inawaka kama imechinjwa alfajiri. Julai 2019, taarifa ya runinga nchini Kenya ilidai kwamba baadhi ya maduka makubwa ya Nairobi yalipaka nyama metabisalfaiti ya sodiamu ili ionekane mbichi.

Hiyo ni sumu?
Ni mojawapo ya salfaiti, kemikali za kuhifadhi chakula zinazoandikwa E220 hadi E228 kwenye pakiti. Katika matunda makavu na mvinyo zinakubalika kwa kiasi. Marekani imezikataza katika nyama, kwa kuwa zinaharibu vitamini B1 na zinairudishia rangi nyama iliyochakaa. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi: mama anachagua kwa macho, na macho yake yamekwisha kudanganywa.

Nani anadhurika?
Wengi hawahisi kitu. Mwenye pumu ndiye wa kuangaliwa: kifua kinaweza kubana na kukoroma muda mfupi tu baada ya kula. Wengine hutokwa na vipele au huumwa tumbo. Kiwango kinachokubalika kimataifa ni miligramu 0.7 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mtoto wa kilo 15 ni kama miligramu 10 tu. Mtoto hujaza kiwango chake upesi kuliko baba yake, kwa sahani ileile.

Nikiiosha na kuichemsha vizuri?
Salfaiti hazitoki zote.

Na soseji?
Wekundu wake mara nyingi hutokana na naitraiti, E250, kemikali nyingine ya kuhifadhi nyama, ambayo kwa kweli huzuia bakteria hatari. Lakini mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walieleza kwamba gramu 50 za nyama ya kusindikwa kila siku, karibu soseji moja, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Mara mojamoja si sawa na kila asubuhi.

Nikifika buchani nifanyeje?
Tafuta muhuri wa mkaguzi, uliza ilichinjwa lini, inuse, ibonyeze uone kama inateleza. Mwenye pumu akibanwa baada ya kula, apewe dawa yake ya kuvuta mara moja. Asipotulia, apelekwe hospitali, na mumwambie daktari alikula nini.