Muuza Nyumba, Anza na Makaratasi Kabla ya Dalali

Ukipita Mwanga au mitaa ya zamani ya Ujiji, hapa Kigoma, huchelewi kukutana na ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Mara nyingi aliyeandika si mwenye nyumba anayeogopa matapeli. Ni mrithi anayewatahadharisha wateja kwamba mrithi mwenzake ameshaanza kuzunguka na dalali. Hata familia ikipatana baadaye, mtaa mzima unajua nyumba ile ina maneno, na mnunuzi atakayejitokeza atataja bei ya nyumba yenye maneno.

Elimu nyingi kuhusu mauziano humlenga mnunuzi: afanye upekuzi, yaani akague kumbukumbu za umiliki ofisi ya ardhi, asitoe fedha kabla hajaona hati. Sisi wa ofisi ya ardhi tunawaona na wauzaji. Mtu anauza nyumba yake halali kabisa, lakini anaambulia pungufu kwa sababu alitafuta mteja kwanza, makaratasi baadaye. Mnunuzi mwenye shaka si lazima akimbie. Anashusha bei, nawe kwa kuwa shida imekubana, unakubali.

Nyumba za urithi ndizo zinazoongoza kwa migogoro. Hati inasoma jina la babu aliyekwisha kufariki, wajukuu wako Dar es Salaam, Bujumbura na Kalemie, na anayeishi ndani anajiona ndiye mwenye kauli. Kisheria hana, hata kama amelipa kodi ya pango la ardhi miaka yote. Muhtasari wa kikao cha ukoo nao haumpi mtu mamlaka ya kuuza. Kikao hupendekeza jina, na mahakama ndiyo inayomteua msimamizi wa mirathi. Kwa mirathi zinazofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila, shauri hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Akishateuliwa, msimamizi husajiliwa kwanza kwenye hati badala ya marehemu, ndipo uhamisho kwenda kwa mnunuzi ufuate. Wengi wanaruka hatua hiyo ya katikati, kisha wanalalamika kwamba faili limekwama. Ndugu walio mbali waandike ridhaa zao mapema na kuzithibitisha mbele ya wakili. Haya yanaweza kuchukua miezi, kwa hiyo usiyaanze wiki ambayo mtoto anadaiwa ada.

Nyumba ya ndoa ina sharti lake. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Ridhaa iwe ya maandishi. "Mama watoto anajua" haitoshi, na wakili makini atamtaka mama mwenyewe afike asaini.

Kwenye bei, kosa kubwa ni kuhesabu ulichotumia badala ya kile soko linachoweza kutoa. Mtu anajumlisha saruji, mabati na vigae, anaongeza na uchungu wa miaka aliyojenga, anapata bei. Tena tangu mkataba wa reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma usainiwe Desemba 2022, kila mwenye nyumba anajiona jirani wa stesheni. Uliza nyumba kama yako, mtaa huohuo, imeuzwa kwa kiasi gani kweli, wala si kiasi kilichotangazwa. Kama thamani ni kubwa, mlipe mthamini aliyesajiliwa. Gharama yake ni ndogo kuliko nyumba kukaa sokoni mwaka mzima hadi wateja waanze kuulizana ina kasoro gani.

Risiti za ujenzi, kwa upande mwingine, zitunze kwa ajili ya Mamlaka ya Mapato (TRA). Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida. Nyumba uliyoimiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi husamehewa iwapo faida haizidi shilingi milioni 15. Tuseme ilikugharimu milioni 38 ukaiuza milioni 50. Faida ni milioni 12, na ukiwa na vielelezo hudaiwi kitu. Usipokuwa na kumbukumbu za gharama, hesabu inaweza kufanywa kwa asilimia 3 ya thamani ya mauzo, yaani milioni 1.5 inakutoka kwa sababu ya karatasi ulizotupa. Viwango hubadilishwa na Sheria ya Fedha, basi thibitisha TRA kabla ya kusaini.

Sasa lile la kuandika bei ndogo kwenye mkataba "ili tupunguze kodi". Mthamini wa serikali anaweza kukataa bei hiyo, lakini hatari kubwa haiko hapo. Umekubaliana milioni 60 kwa awamu, mkataba unasema milioni 25. Mnunuzi akilipa 25 akanyamaza, utamdai kwa karatasi gani? Mahakama itasoma mliyoyaandika. Katika makosa yote ya wauzaji, hili ndilo ninaloliona la kujitakia kabisa.

Mnunuzi kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika naye ana utaratibu wake. Asiye raia wa Tanzania haruhusiwi kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji unaotambuliwa na sheria, na kutumia jina la rafiki Mtanzania ni kukaribisha kesi. Ukitoka nje ya manispaa ukaingia ardhi ya kijiji, tafuta kwanza idhini ya Halmashauri ya Kijiji.

Wenye nyumba za pwani ya ziwa, tangulieni kusema ukweli. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na maji ya Tanganyika yamepanda sana miaka ya karibuni. Kasoro uliyoificha inaweza kukurudia kama madai.

Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri wa kwamba wewe ni wewe. Hahamishi umiliki. Mkataba uandaliwe na wakili, malipo yapitie benki, na usiamini picha ya karatasi ya benki iliyotumwa kwa simu. Subiri fedha zionekane kwenye akaunti yako. Kama mnalipana kwa awamu, hati ibaki kwa wakili hadi senti ya mwisho. Dalali naye mwandikiane kamisheni mapema, maana madalali watatu wanaweza kumdai muuzaji mmoja kwa mteja yuleyule.

Siku ya makabidhiano, maliza bili ya maji ya KUWASA, chukua risiti ya kodi ya pango la ardhi, na mkumbushe mnunuzi kwamba kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, hivyo kama mita ina deni la nyuma, mlimalize pamoja kabla hujamkabidhi funguo.