Simu inajua moyo unakimbia, ila haijui kesho ni siku ya marejesho

Kama miezi miwili iliyopita alikuja mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza (nimebadilisha vitu kadhaa asijulikane, wateja wangu msiogope), nikamwambia shikamoo mama, akajibu "marahaba mwanangu, hebu niangalizie hii simu, inasema naumwa." Binti yake alimwekea apu ya kupima stresi, sasa kila jumapili usiku akipima inaleta nyekundu. Mimi ni mwanasaikolojia jamani, sio fundi simu, ila siku hizi mtu akikaa tu kwenye kiti anakuonyesha skrini kwanza ndio maelezo yafuate, kwa hiyo wacha niandike mara moja niwe nawatumia watu.

Iko hivi. Unaweka kidole kwenye kamera, tochi inawaka. Damu inafyonza mwanga, moyo ukipiga damu inajaa kidogo kwenye ncha ya kidole na mwanga unaorudi unapungua, halafu unaongezeka tena. Jicho lako halioni, kamera inaona. Saa za mkononi ni mambo yaleyale, ila zinatumia taa ya kijani.

Sasa wengi wanadhani inahesabu kasi tu, kumbe kinachoangaliwa zaidi ni nafasi kati ya pigo na pigo. Moyo wa mtu aliyetulia hauendi kama saa ya ukutani, pigo moja linaweza kuja baada ya milisekunde 850, linalofuata 910, jingine 870, maana ukivuta pumzi moyo unachangamka na ukitoa unapoa. Mwili ukiwa umejiandaa kwa vita zile tofauti zinabanwa, mapigo yanakuwa yamefanana fanana, na huko kufanana ndio apu inakuita stresi. Ile homoni ya kotisoli ambayo kila mtu siku hizi anaitaja haijapimwa hapo hata kidogo, hiyo inataka damu, mate au mkojo.

Na moyo unabadilika kwa mambo mia. Umepandisha ndoo ya maji kule milimani Igogo ukapima hapohapo, nyekundu. Umekunywa enaji mbili, nyekundu. Hujalala, nyekundu. Na hili la kwetu huku ziwani ndio linaniumiza kichwa: homa inakimbiza moyo, kwa hiyo mtu anaweza kuambiwa ana stresi kumbe ana malaria, akakaa anafanya mazoezi ya kupumua badala ya kwenda kupimwa. Mwili ukichemka nenda kapime malaria, apu itakusubiri.

Halafu zile saa za bei chee. Kijana wangu mmoja wa bodaboda alikuja na yake, inaonyesha mpaka presha, nikachukua ndizi mezani tukaifunga kwenye ndizi, ikafikiria weee ikaleta mapigo 74. Ndizi! Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mwanga wa taa unarudi, saa inajitahidi kutafuta mdundo hata pasipo na damu. Sio kwamba zote ni takataka, ila namba ya kipimo kimoja tu usiiamini. Pima kila siku muda uleule, asubuhi kabla hujashuka kitandani, kidole kisiwe na baridi na usitikisike, halafu jilinganishe na wewe wa wiki iliyopita, sio na jirani.

Na andika pembeni kulikuwa na nini. Hapa ndio tulipofika na yule mama. Nikamuuliza jumatatu kuna nini, akanyamaza, akafunga simu akaifunga tena kwenye khanga. Marejesho. Ana ule mkopo wa riba kali tunaouita kausha damu, na juu yake alikopa kwenye apu ya mikopo ambayo ukichelewa wanaanza kuwapigia watu waliomo kwenye simu yako, shemeji, mwenye nyumba, wote. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya apu 69 za mikopo zisizo na leseni, na bado watu wanazo. Yaani simu ileile inayompima stresi ndiyo inayomletea!

Kwa hiyo hata apu ya stresi ikikuomba majina ya simu yako, kataa, ya nini? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za afya yako sio mali ya mtu.

Kupumua kunasaidia kweli, sipingi. Vuta kwa kuhesabu mpaka nne, toa mpaka sita, ndio pumzi sita kwa dakika, wala hakutaki bando. Nilimfundisha palepale. Ila deni halipumuliwi, ikabidi tukae na binti yake tuandike nani anamdai nini na deni lipi lianze.

Kama apu yako ina maswali, lile la kutamani kufa ukijikuta unajibu ndiyo, achana na simu, mwambie mtu leo hii, nenda hospitali iliyo karibu, Bugando kuna huduma ya afya ya akili.

Jumapili iliyopita mama kanitumia picha ya skrini. Nyekundu. Chini kaandika: "deni la simu limeisha mwanangu, hii ya leo ni mvua, dagaa bado wako nje."