Chupa mpya, koo chafu: maswali kuhusu dispensa ya maji

Jumamosi iliyopita tuliifungua dispensa ya madrasa moja hapa Majengo, Mombasa, ile inayosimama mlangoni karibu na rafu ya viatu. Ilikuwa na umri wa miaka miwili, na kwa miaka yote hiyo ilifutwa nje kila siku mpaka ikang'aa. Nilipotia kidole kwenye bakuli la juu, pale shingo ya chupa inapokaa, kilitoka na utelezi kama wa bamia. Kina mama waliokuwa wakiwasubiri watoto wakasogea, na maswali yakaanza. Haya hapa, pamoja na machache ninayoulizwa mara kwa mara kliniki.

Lakini sista, maji yenyewe tunanunua yamesafishwa. Huo uchafu umetoka wapi?

Sikiliza dispensa unapokinga maji. Ile "gluk, gluk" ni hewa inayopanda ndani ya chupa kuchukua nafasi ya maji yaliyoshuka. Chupa ya lita 20 ikimalizika, lita 20 za hewa zimeshapita ndani yake, na ni hewa ya pale pale mashine iliposimama. Hapa madrasani ni hewa ya mlangoni, yenye vumbi la barabara na la viatu vya watoto themanini.

Njia ya pili ni shingo ya chupa. Chupa imepakiwa kwenye tuktuk, imebingirishwa kwenye sakafu ya duka, imeshikwa na mikono ya hamali, kisha ikabebwa begani hadi ghorofa ya tatu. Halafu shingo hiyo hiyo inapinduliwa na kuzamishwa katika maji mtakayokunywa. Nimeona watu wakiikung'uta kwa kiganja wakidhani wameisafisha.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Maji ya mfereji ya mji huu, yanayotoka kwenye vyanzo vya Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, hutiwa klorini, na kusudi ni kwamba kiasi kidogo kibaki ndani ya maji kuyalinda njiani. Mitambo ya maduka ya kujaza maji huiondoa klorini hiyo pamoja na chumvi. Ndiyo maana yana ladha nzuri. Lakini yakishatoka pale hayana tena cha kuyakinga, hivyo bakteria wachache wakiingia hujishika kwenye kuta za bakuli na mirija, wakazaliana na kujijengea utando. Huo ndio utelezi nilioushika. Unabadilisha chupa kila wiki, lakini kila chupa mpya inapitia koo lile lile.

Tumeyanywa miaka miwili na tuko wazima. Yanadhuru kweli?

Sitakutisha bure, mzee wangu. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuyanywa maji ya namna hiyo asihisi kitu. Bakteria kama Pseudomonas aeruginosa, anayependa sana sehemu zenye majimaji kama mirija ya dispensa, hamsumbui sana mtu mwenye kinga imara. Anawasumbua vichanga, wazee, walio kwenye matibabu ya saratani, na yeyote ambaye kinga yake imeshuka.

Mimi naogopa zaidi vidole kuliko utando. Homa ya matumbo, kipindupindu, homa ya ini aina ya A na kuhara kwa watoto hutoka chooni na kufika mdomoni, na mkono ambao haukuoshwa kwa sabuni ndio usafiri wake. Mtoto ametoka msalani, amebonyeza mfereji wa dispensa, na wa nyuma yake anabonyeza hapo hapo. Kipindupindu si hadithi ya mbali hapa Mombasa, kimeshatutembelea zaidi ya mara moja.

Baridi si inaua vijidudu?

Haiui. Inawapunguzia kasi tu, na stima ikipotea kutwa nzima, kama tunavyozoea, lile tangi la baridi linakuwa na joto la chumba chako.

Na mfereji wa moto? Naweza kumkorogea mtoto maziwa ya kopo?

Swali hili aliuliza mama mwenye mtoto wa miezi miwili mgongoni, na nilifurahi aliuliza kabla ya kufanya.

Tangi la moto kwa kawaida hushika kama lita moja tu, na mashine ikiwa nzima hufikisha nyuzi 85 hadi 95. Haichemshi mpaka maji yatokote. Ukikinga vikombe viwili mfululizo, maji mapya yanaingia na joto linashuka. Tena nyumba nyingi huzima swichi ya moto iliyo nyuma ili kuokoa tokeni za stima, kisha wakaiwasha dakika tano kabla ya chai. Hapo katikati, tangi linapokuwa vuguvugu, ndipo bakteria wanapostarehe.

Unga wa maziwa ya kopo wenyewe si kwamba hauna vijidudu kabisa. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri ukorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70. Basi chemsha maji jikoni mpaka yatokote, yaache yapoe lakini isizidi nusu saa, koroga, kisha poza chupa kwenye bakuli la maji baridi na ujaribu tone kwenye kifundo cha mkono. Yakikaa saa mbili bila kunywewa, yamwage. Na kama unaweza kunyonyesha, miezi sita ya mwanzo mtoto hahitaji hata tone la maji ya dispensa.

Kwa walio na watoto wanaotambaa: nunueni dispensa yenye kufuli kwenye mfereji wa moto. Maji ya nyuzi 85 yanababua ngozi ya mtoto mara moja. Akiungua, mmiminie maji ya mfereji yasiyo moto kwa dakika 20, kisha hospitali. Dawa ya meno iacheni kwenye meno.

Basi inaoshwaje?

Nitaeleza tulivyofanya Jumamosi.

Kwanza tulichomoa waya ukutani na kusubiri. Mwalimu alikuwa na haraka, nikamwambia tukae zaidi ya saa moja, kwa sababu maji ya tangi la moto yakikumwagikia utaijua haraka ina nini. Tukaondoa chupa, tukafungua mifereji yote miwili mpaka ikakauka, kisha tukafungua kizibo kidogo cha nyuma, chini, huku karai limetegwa. Wengi hawajui kama kizibo hicho kipo. Yalitoka maji yenye vipande vyeupe kama maganda ya mayai, kisha maji ya rangi ya chai ya rangi.

Bakuli la juu na kile kijiti kinachosukuma kizibo cha chupa tulivitoa na kuvisugua kwa sabuni ya vyombo na mswaki mpya. Mswaki ni muhimu, maana sponji haingii kwenye vipembe.

Halafu dawa. Kijiko kikubwa kimoja cha Jik ya kawaida, ile dawa ya klorini ya kufulia, isiyo na manukato, ndani ya lita nne za maji. Tukayamimina ndani, tukakinga glasi moja moja kutoka kila mfereji ili dawa ifike kwenye mirija na midomo ya mifereji, tukaiacha kwa dakika tano. Isipungue mbili wala isipite tano. Msiiache mkaenda kuswali adhuhuri mkarudi, kwani dawa ikikaa inakula chuma cha ndani. Tukamwaga yote kupitia mifereji na kile kizibo cha nyuma.

Kisha kusuuza. Sisi tulisuuza mara nne, kila mara maji yakipita kwenye mifereji yote miwili, mpaka pua ya mama mmoja aliyejiteua mkaguzi ikakubali kwamba harufu imekwisha. Suuzeni kwa maji ya kunywa. Maji ya kisima cha uani msiyatumie kwa kazi hii: kwenye mitaa yetu iliyobanana, kisima na shimo la choo mara nyingi ni majirani wa ukuta mmoja, na mtakuwa mmerudisha kile mlichokitoa.

Mwisho, mikono kwa sabuni, pamba yenye spiriti ya duka la dawa kwenye shingo ya chupa mpya na kizibo chake, subiri ikauke, kisha pandisha chupa. Kabla ya kurudisha waya, fungua mfereji wa moto mpaka maji yatoke. Tangi tupu likiwashwa, koili inaungua, na fundi atakulaza na bili.

Siki je? Mama yangu anasafishia kila kitu kwa siki na ndimu.

Siki ni ya ule ukoko mweupe kwenye tangi la moto, na kwa kazi hiyo ni nzuri: iache saa moja hivi, kisha mwaga na suuza. Haichukui nafasi ya Jik. Na visikutane kamwe, hata mabaki. Siki na Jik vikichanganyika hutoa gesi inayochoma macho na mapafu, na jiko dogo lisilo na dirisha ni mahali pabaya pa kulijua hilo. Ukihitaji vyote viwili, siki leo, Jik kesho.

Ukoko huo, kwa njia, unasema kitu. Maji yaliyochujwa kwa mtambo wa kuondoa chumvi huacha ukoko kidogo mno. Tangi la madrasa lilijaa vipande vyeupe, ilhali wananunua maji "yaliyochujwa". Nilimwambia mwalimu aende kwa muuzaji aombe kuuona mtambo ukifanya kazi, aangalie kama duka lina kibali cha afya na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na aulize kichujio kilibadilishwa lini. Muuzaji mkweli hakasiriki akiulizwa.

Kila baada ya muda gani?

Watengenezaji wengi husema miezi mitatu hadi sita. Kwa joto letu na unyevu huu, mimi nasema kila miezi miwili nyumbani, na kila mwezi kwenye madrasa, msikiti, kinyozi au ofisi, penye mikono mingi. Kufuta shingo ya chupa na midomo ya mifereji ni kila chupa inapobadilishwa. Mkisafiri Lamu kwa wiki mbili, mwageni maji yote kabla ya kuondoka, chomoeni waya, na mkirudi msiwape watoto maji yaliyokuwa humo.

Isikae juani. Nilikuta ofisi moja mjini wameiweka dirishani upande wa mashariki, na chupa imeota kijani kama mwamba wa baharini. Wakanieleza kwamba ni rangi ya chupa.

Na mbu wanahusika vipi na trei ya dispensa?

Trei ya kukinga matone ina maji safi yaliyotulia, kivulini, ndani ya nyumba. Mbu wa Aedes, yule mweusi mwenye mabaka meupe anayeuma mchana, hapendi mtaro mchafu. Anapenda hapo. Kwa joto la Pwani, yai linaweza kuwa mbu anayeruka kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi. Ndiye anayeeneza homa ya dengi, na ndiye aliyetuletea chikungunya mwishoni mwa 2017 mpaka 2018, wakati watu walikuwa wakitembea wamejikunja kwa maumivu ya viungo. Trei imwagwe kila siku na isuguliwe kila wiki, kwa sababu mayai hugandamana kwenye kingo na kumwaga peke yake hakuyatoi. Mkiiosha kwa sabuni, sisimizi nao watahama.

Tuna kikombe kimoja kimefungwa mnyororo. Tufanyeje?

Kitoeni. Kila mtoto aje na chupa yake yenye jina. Na wafundishwe kuishikilia chini ya mfereji bila kuugusa, kwa sababu mdomo wa chupa umetoka mdomoni mwa mtu, na ukibanwa kwenye mfereji unaacha mate pale. Watu wazima ndio wakaidi zaidi katika hili kuliko watoto. Sabuni iwekwe msalani, si ofisini kwa mwalimu mkuu.

Mimi sina dispensa, nina ile pampu ya kuchaji inayokaa juu ya chupa. Nimesalimika?

Umesalimika na bakuli na matangi, shangazi, lakini ule mpira mrefu unaozama ndani ya chupa haujawahi kutolewa tangu uununue, sivyo? Alicheka, akasema una mwaka. Uchomoe, uloweke kwenye mchanganyiko ule ule wa Jik kwa dakika tano, usukume maji safi ndani yake mara kadhaa, na uuning'inize ukauke kabisa. Ukiwa umeshabadilika rangi ndani, tupa. Mpira mpya unapatikana soko la Marikiti.