Jino Lililoacha Kuuma Halijapona: Majibu kwa Wazazi wa Watoto wa Shule

Mzazi akiniletea mtoto mwenye jino lililooza, mara nyingi nakuta walishajua miezi mingi nyuma. Walingoja kwa sababu ya pesa. Nawaelewa, lakini kungoja huko ndiko kunakowamaliza pesa.

Jino huozaje?

Bakteria wa kinywani hutumia sukari na kutoa asidi. Asidi huyeyusha madini ya enameli, yaani gamba gumu la nje ya jino. Mate huipunguza makali asidi hiyo na kurudisha madini, ila yanahitaji kama nusu saa hadi saa nzima. Kwa hiyo mtoto anayekula pipi nne mara moja baada ya chakula anaumia kidogo kuliko anayezigawa pipi hizohizo kutwa nzima. Soda au juisi inayonywewa kidogokidogo ina hesabu hiyohiyo: kila funda ni shambulio jipya.

Haya si meno ya utotoni tu? Yatang'oka, kwa nini nitumie pesa?

Hapana. Magego ya utotoni hukaa mpaka mtoto afikie miaka 10 hadi 12. Mwanao wa miaka 6 bado ana miaka mingi ya kutafunia magego hayo. Yanayashikia pia nafasi meno yajayo. Likitolewa mapema, majirani hulalia pengo, jino la ukubwani linakuja halina pa kukaa, na baadaye unaambiwa meno yanyooshwe kwa waya. Hapo ndipo utajua gharama.

Halafu kuna hili, ambalo naona wazazi wengi hawalijui: gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka. Mzazi anaona gego limeoza, anasema "hilo la utotoni." Si la utotoni! Hilo ndilo alilopewa hadi uzeeni, na halina mbadala.

Lilikuwa linamuuma usiku, sasa limenyamaza. Limepona?

Halijapona. Naomba usome tena: halijapona. Jino likishatoboka tundu, tundu hilo halijizibi lenyewe. Maumivu makali yakikoma ghafla bila matibabu, mara nyingi ni kwa sababu mshipa wa fahamu ndani ya jino umekufa. Uozo unaendelea kushuka kimyakimya hadi kwenye ncha ya mzizi, na usaha unakusanyika mfupani. Wiki ambayo mtoto ameacha kulia ndiyo wiki ya kumleta, wala si ya kufuta miadi.

Nilimpa antibiotiki akapata nafuu. Haitoshi?

Haitoshi. Dawa husafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki. Uvimbe unapungua, chanzo kinabaki palepale, na baada ya muda unarudi. Unanunua dawa mara ya pili, ya tatu, na mwisho unalipia jino vilevile. Dawa ya maumivu nayo inatuliza tu. Na tafadhali msiwawekee watoto aspirini juu ya fizi. Inaunguza nyama ya kinywa, na aspirini haifai kwa watoto bila agizo la daktari.

Si nafuu kungoja likiharibika niling'oe, nilipe mara moja?

Hesabu hii ndiyo inayonisikitisha kuliko zote, maana hailipwi mara moja.

Tundu dogo huzibwa katika hudhurio moja. Likifika kwenye mshipa, unahitaji matibabu ya mzizi, yaani kusafisha ndani ya mzizi na kuuziba, na gego la kudumu mara nyingi huhitaji hata kuvikwa kofia ya jino baada ya hapo. Ukiling'oa, unabaki na pengo ambalo siku moja mwenyewe atataka lijazwe. Hata kuziba si mwisho wa malipo, kwa sababu kizibo hulegea au huvunjika baada ya miaka, na kila kinapobadilishwa shimo huongezeka. Mtoto aliyezibwa gego la kudumu akiwa na miaka 7 ameanza deni atakalolipa utu uzima wake wote.

Ongeza yasiyoandikwa kwenye risiti: nauli, siku yako ya kazi, usiku usiolala, vipindi alivyokosa shuleni. Mtoto mwenye jino bovu hata akiwa darasani hasikii somo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 magonjwa ya kinywa yaligharimu dunia takriban dola bilioni 387 kwa matibabu, na nyingine bilioni 323 kwa kazi zilizopotea. Shirika hilohilo linakadiria watoto milioni 514 wana meno ya utotoni yaliyooza.

Kinga ni ipi, na kweli inarudisha gharama?

Ya kwanza ni dawa ya meno yenye floridi, madini yanayoimarisha enameli, kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni (ppm). Soma kwenye boksi. Mtoto chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele, wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere. Apige mswaki mara mbili kwa siku, na mara moja iwe kabla ya kulala. Ateme povu, asisukutue kwa maji, ili floridi ibaki kazini. Na wewe simamia! Mtoto wa miaka 6 hajui kusafisha magego ya nyuma.

Ya pili, floridi ya kupakwa na mtaalamu, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Mapitio makubwa ya tafiti ya mwaka 2013 yalionyesha inapunguza uozo kwa takriban asilimia 43 kwenye meno ya kudumu na 37 kwenye ya utotoni. Ya tatu, kuziba mifereji ya gego jipya kwa utomvu maalumu kabla halijaoza. Hakuna sindano wala kuchimba, na kazi huchukua dakika chache.

Kuhusu pesa, Uskoti ina mpango wa Childsmile, ambamo watoto wa chekechea hupiga mswaki kila siku wakisimamiwa. Kufikia mwaka wa nane, akiba ya matibabu yasiyohitajika tena ilikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya gharama ya kuuendesha.

Shavu limevimba usiku huu. Tusubiri asubuhi?

Akiwa na homa, au uvimbe umefika jichoni au chini ya taya, au anashindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri, ondokeni sasa hivi kwenda hospitali. Usaha wa jino unaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa. Hata bila dalili hizo, shavu lililovimba lionwe siku hiyohiyo au kesho yake. Msingoje mwisho wa mwezi.

Mimi ni mwalimu na shule haina fedha. Nianzie wapi?

Anza na mswaki na dawa yenye floridi, dakika mbili kila siku ya masomo, mwalimu akiwa amesimama nao. Ondoa soda na pipi zinazouzwa ndani ya shule. Kila mswaki uandikwe jina la mtoto na ukaushwe umesimama, bila kugusana na mingine. Ukimwona mtoto anayetafunia upande mmoja, mwambie mzazi wake wiki hiyohiyo.