Kadi ya kijani ikipotea, ukaazi wako bado upo

Swali ninaloulizwa na karibu kila anayenipigia kwa jambo hili ni moja: "Watanirudisha kwetu?" Hapana. Ukaazi wa kudumu wa Marekani ni hadhi uliyopewa kisheria, na kumbukumbu yake iko kwenye faili lako serikalini. Kadi ni ushahidi wa hadhi hiyo, basi. Ikidondoka sokoni, ikiibiwa na pochi au ikifuliwa pamoja na suruali, wewe ni mkaazi wa kudumu vilevile kama jana.

Hata hivyo usikae nayo kimya. Kifungu cha 264(e) cha Sheria ya Uhamiaji na Uraia kinamtaka kila mkaazi wa kudumu mwenye miaka 18 na zaidi awe na ushahidi wa hadhi yake mwilini muda wote, na adhabu iliyoandikwa humo ni faini ya hadi dola 100, kifungo cha hadi siku 30, au vyote viwili. Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kushughulikia: kuomba kadi mpya, na kupata kitu cha kukushikilia mpaka kadi hiyo ifike. Watu wengi hufanya la kwanza wakasahau la pili. Wanakaa miezi bila chochote mkononi, wanakosa kazi, wanaahirisha safari za msiba, na kumbe haki ya kupewa ushahidi wa muda walikuwa nayo tangu mwanzo.

Mimi ni mwakilishi niliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani kushughulikia kesi za uhamiaji, na wengi ninaowahudumia ni ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliokuja kama wakimbizi, wengine kupitia kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Hali yao ina mambo yake, nitayagusa kila inapobidi.

Anza na namba ya A, yaani namba ya faili lako la uhamiaji. Ni herufi A ikifuatwa na tarakimu tisa. Kama yako ni ya zamani na ina nane au saba, ongeza sifuri mbele. Kwenye kadi iliyopotea ilikuwa upande wa mbele, chini ya maneno USCIS# (USCIS ni idara ya serikali inayoshughulikia maombi ya uhamiaji). Kama una picha ya kadi kwenye simu, shida imeisha. Kama huna, chukua pasipoti uliyoingilia nayo ufungue ukurasa wa viza ya uhamiaji: namba iko juu upande wa kulia, pameandikwa Registration Number. Ile nyekundu ya chini ni ya stika ya viza yenyewe, achana nayo. Mkimbizi ataikuta kwenye I-94, yaani rekodi yake ya kuingia Marekani, kwenye kadi yake ya zamani ya kibali cha kazi, au kwenye barua ya kukubaliwa kwa fomu I-485, ile ya kuomba ukaazi wa kudumu. Ukikosa kote huko, unaweza kuomba nakala ya faili lako mwenyewe USCIS kwa sheria ya uhuru wa habari, na maombi hayo hufanyika mtandaoni.

Ukiwa kwenye ukurasa huohuo wa viza, soma maandishi madogo yaliyo chini. Yanasema kwamba viza ikishagongwa muhuri wa kuingia inatumika kama ushahidi wa muda wa ukaazi kwa mwaka mmoja. Aliyefika juzijuzi kwa viza ya uhamiaji na kadi ikamponyoka, ushahidi anao tayari ndani ya pasipoti.

Baada ya hapo ni fomu I-90, ya kuomba kadi mpya. Kwa bei zilizoanza Aprili 2024, ukiijaza mtandaoni ni dola 415, ukituma karatasi ni dola 465. Mwenye kipato kidogo, au anayepokea Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) au stempu za chakula, anaweza kuomba asamehewe malipo kwa fomu I-912. Kama kadi iliibiwa, nenda polisi kwanza uchukue ripoti. Sehemu inayowatatiza wakimbizi ni tarehe ya kuwa mkaazi: wengi huandika siku kadi ilipotoka, wakati sheria huirudisha nyuma mpaka siku mkimbizi alipoingia Marekani, na ndiyo iliyochapwa kwenye kadi. Na wenye kadi ya miaka miwili ya ndoa wajue kwamba I-90 hurudisha kadi iliyopotea tu, haiongezi hata siku moja. Kuondoa masharti ni kazi ya fomu I-751.

Ukishatuma utapata risiti, yenye namba ambayo kwa kawaida huanza na IOE. Hapa naomba unisome taratibu. Tangu Septemba 2024, risiti ya I-90 humwongezea miezi 36 mtu ambaye kadi yake imeisha muda au inakaribia kuisha, lakini risiti hiyo husomwa pamoja na kadi yenyewe. Wewe uliyepoteza huna kadi ya kuambatanisha. Utasikia watu wakikuambia "risiti inatosha". Kwako haitoshi.

Kinachotosha ni muhuri wa I-551, yaani ushahidi wa muda wa ukaazi, ambao wengi huuita ADIT. Piga simu USCIS, 800-375-5283, ueleze kwamba kadi imepotea, I-90 imeshapokewa, na unaomba ushahidi wa muda. Mashine itakuzungusha, vumilia mpaka umpate mtu, na uwe na namba ya risiti na anwani yako ya sasa mkononi. Baadhi huitwa ofisini kugongewa muhuri kwenye pasipoti. Tangu Machi 2023 wengine hutumiwa nyumbani: ni fomu ya I-94 yenye picha yako na muhuri uliogongwa, ukiwa na tarehe ya mwisho. Kwa mkimbizi asiye na pasipoti ya nchi yoyote hii ni nafuu kubwa, maana karatasi hiyo inasimama yenyewe. Usiikunje kwenye pochi, na uitoe nakala siku hiyohiyo.

Kazini ndiko ninakoona watu wakionewa bila kujua. Kama uliajiriwa ukaonyesha kadi yako ya kijani siku ya kujaza I-9 (fomu ya mwajiri ya kuthibitisha kuwa una ruhusa ya kufanya kazi), mwajiri hapaswi kukudai tena kwa kuwa imepotea au imeisha. Na kama ndiyo unaanza kazi mpya, hati za kuonyesha unachagua wewe kutoka orodha ya fomu ile. Leseni ya udereva pamoja na kadi ya Social Security isiyo na maandishi ya masharti zinakamilisha I-9 bila kadi ya kijani kabisa. Meneja akikwambia "hapa tunataka kadi tu", anavunja sheria, na Wizara ya Sheria ina kitengo cha kupokea malalamiko hayo. Ofisi za leseni na za misaada, kwa upande wao, huhakiki hadhi yako kwa mfumo wa serikali uitwao SAVE, na namba ya A ndiyo wanayoanzia.

Kadi ikikupotelea Nairobi, Dar au Kinshasa, mambo hubadilika, kwa sababu shirika la ndege halitakupandisha mikono mitupu. Huko hutumii I-90. Unalipia fomu I-131A mtandaoni, dola 575, kisha unaenda mwenyewe ubalozi wa Marekani na uthibitisho wa malipo, pasipoti, picha, na ushahidi wa lini ulitoka Marekani, kama tiketi au muhuri wa pasipoti. Wakiridhika watakupa stika ya kupandia ndege. Njia hii ni ya aliyekaa nje chini ya mwaka mmoja, au chini ya miaka miwili kama alitoka na kibali cha kurejea. Aliyepitiliza huombewa viza ya mkaazi anayerejea, na hiyo ni kesi nzito ya kumwona mwanasheria.

Ukifika uwanja wa ndege Marekani, usisaini fomu I-407 usiyoielewa. Ni fomu ya kuuacha ukaazi kwa hiari yako, na ofisa hana uwezo wa kukulazimisha. Unaweza kukataa na kuomba usikilizwe na jaji wa uhamiaji. Omba mkalimani wa Kiswahili kama Kiingereza kinakupa shida. Ukishapita, stika ile imekwisha kazi yake, kwa hiyo tuma I-90 wiki hiyohiyo, na risiti ikitoka upige ile simu ya muhuri.